Kipande Alichokula Havyarimana

Watu wa Kagezi walikuwa wakisema Winifrida alizaliwa na mkono wa nyama. Ukimpelekea beberu mzee, mgumu kama soli ya kiatu, atamkatakata, atampanga juu ya uchanja, atampa moto anaoujua yeye mwenyewe, na siku ya tatu utatafuna huku umesahau kwamba una meno mabovu.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mpole aliyemwonyesha kila kitu bila kumpigia kelele hata siku moja. Kwanza kuni kavu za kuwashia. Kisha, moto ukishatulia, magogo mabichi ya mzambarau pori, ule unaomea karibu na maji. Moshi wa mti huo ni wa polepole, hauchomi macho, na nyama hutoka nyekundu kama udongo wa barabara ya Kasulu. Mti mwingine haufai, alisema mama mkwe, na Winifrida aliamini hivyo maisha yake yote.

Zamani kukata miti hiyo hakukuwa neno. Kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake na migomba yake, na mwaka mzima ungepita mtu akabanika nyama mara mbili tu, Krismasi na harusi. Lakini mwaka wa sabini na nne watu walihamia kijiji kimoja. Nyumba zikapangwa mistari kama darasani, kaya zaidi ya mia moja, zote zikinywa kijito kimoja kidogo kinachotoka chini ya mwamba. Watu wakikaa karibu, sababu za kula pamoja haziishi. Leo ubatizo, kesho kipaimara, keshokutwa mgeni wa wilaya, Jumamosi gulio. Na kila Alhamisi alikuja Omary.

Omary alikuwa mfanyabiashara wa Kibondo, mtu wa utani, kanzu yake nyeupe hata wakati wa vumbi. Mbuzi alichinja mwenyewe, kwa kisu chake na dua yake, kisha akamwachia Winifrida, na wiki iliyofuata akaja kuchukua nyama kavu aliyoiuza mjini na njiani mpaka Kasulu.

"Mama Pasikali," alikuwa akimwambia, "ungezaliwa Ujiji wewe, sasa hivi una hoteli na watumishi wanne."

"Na wewe ungekuwa mtumishi wa tano," alijibu Winifrida, "tena mvivu."

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Pasikali, aliyefanya kazi ya ukarani Kibondo. Uchanja ule ndio uliomsomesha. Ulimpa pia kitu kingine alichokipenda kuliko pesa: watu walitaja jina lake kwa uzuri. Alipopita, walisema, huyo ndiye.

Chini kidogo ya kijito aliishi Havyarimana. Alikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye na mkewe Immakulata, wakiwa na mkeka mmoja na jembe lisilo na mpini. Wenyeji waliwapa kipande cha bonde ambacho hakuna aliyekitaka, kwa sababu kilikuwa na maji maji na mbu. Hawakulalamika. Wakachimba mitaro, wakapanda magimbi na maharage, na mwaka wa pili wakaanza kuwagawia wale wale waliowapa.

Ni Havyarimana aliyesafisha chemchemi. Alipasua mwanzi mrefu, akautoa vifundo vya ndani, akauegesha kwenye mwamba ili maji yatiririke na kudondokea ndani ya mtungi bila mtu kuinama. Hakutumwa na mtu. Aliona wajawazito wakipata shida, basi. Pembeni akatundika kibuyu kidogo kwa ajili ya mpita njia. Kibuyu kilipovunjika, alitundika kingine, na hakuuliza nani alikivunja.

Mwaka Winifrida alipougua malaria hadi akashindwa kusimama, Havyarimana na Immakulata walipalilia shamba lake la maharage kabla ya kupalilia la kwao. Alipopona akakuta mistari imenyooka, magugu yamerundikwa pembeni vizuri. Alilia. Tangu siku hiyo, kila alipobanika nyama, alitoa sehemu ya jirani, kipande kizuri cha paja, akakifunga kwenye jani la mgomba na kuwapelekea. Nao hawakurudisha kikapu kitupu. Kilirudi na magimbi, au uyoga, au mbegu.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa muda. Winifrida alipozikumbuka siku hizo baadaye, aliona kwamba hakuzihesabu vizuri zilipokuwa mkononi mwake.

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka wa sabini na sita, Havyarimana alikuja jikoni kwake asubuhi. Alisimama mlangoni akaangalia rundo la magogo mabichi, yakitoa maji bado kwenye maganda.

"Mwakeye, mubanyi," alimwamkia. Mubanyi ni jirani kwa lugha ya kwao, na ndivyo alivyopenda kumwita.

"Mwakeye. Pita ukae, moshi leo una adabu."

Hakukaa. "Mubanyi, huu uchanja wako unakula kuliko sisi sote."

Winifrida akacheka. "Basi utafutie mke. Labda utatulia."

"Sitanii, mama. Nimehesabu visiki. Tangu mavuno ya mahindi mmekata mizambarau kumi na minne pale juu ya maji. Mbuzi wanne kila wiki, na kila mbuzi moto wa siku mbili. Halafu mbuzi wanaosubiri kuchinjwa wanapanda kule kule na kutafuna vichipukizi vya visiki. Mti haupati nafasi hata ya kupumua."

"Miti ipo, Havyarimana. Angalia dunia hii ilivyo kubwa."

"Hata kwetu tulisema hivyo." Alishika kizingiti cha mlango. "Kilima chetu kilikuwa na chemchemi nne. Baba yangu alikuwa mchinjaji, tulikula vizuri, tulinenepa. Nilipooa ilibaki chemchemi moja. Nilipokimbia sikuacha maji nyuma yangu. Niliacha mawe."

Winifrida aligeuza nyama kwa kijiti. Hakupenda mazungumzo hayo asubuhi.

"Kwa hiyo unataka tule majani kama sungura?"

"Nataka nyama ya sikukuu iliwe siku ya sikukuu. Na ichemshwe. Sufuria haidai mti mzima." Akatabasamu, maana alijua amesema neno zito. "Mimi nimeshaanza. Nyumbani kwangu tumeacha nyama mpaka ile miti irudi. Nimeweka nadhiri."

"Haya, kasisi wangu," alisema Winifrida, na wote wawili wakacheka, na yeye akadhani yameishia hapo.

Jumamosi iliyofuata alipeleka sehemu ya jirani kama kawaida. Jioni, jua bado lipo, Immakulata alirudisha kikapu. Ndani yake kulikuwa na magimbi, na juu ya magimbi kulikuwa na nyama ile ile, katika jani lile lile, fundo halijafunguliwa.

"Mama Pasikali, mume wangu anasema asante sana. Mpe mwenye watoto wadogo. Sisi tumeacha." Alisema kwa sauti ya chini, akiona haya, kisha akaaga na kuondoka haraka.

Bahati mbaya Maximilla alikuwapo. Maximilla alikuwa rafiki wa Winifrida tangu ujana, hodari wa kusuka mikeka na hodari zaidi wa kusuka maneno. Aliitazama nyama, akamtazama mwenzake.

"Imerudi?"

"Imerudi. Ameweka nadhiri, ni habari za miti."

"Habari za miti." Maximilla alivuta midomo. "Mama Pasikali, mimi na wewe ni watu wazima. Nani anaacha nyama kwa sababu ya mti? Huyo ameota kitu. Au ameambiwa kitu."

Hapa inafaa kukumbuka jinsi watu wa huku Buha wanavyokaribishana. Mwenye nyumba hampi mgeni pombe kabla hajavuta mrija yeye mwenyewe kwanza. Hatoi chakula kabla hajaonja. Anaondoa shaka, ili mgeni ale na moyo mweupe. Na mtu akirudisha chakula cha jirani bila kukigusa, hata akitoa sababu kumi, watu watasikia sababu ya kumi na moja, ile isiyotajwa. Sumu.

Maximilla hakukusudia ubaya. Alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa kumtetea rafiki yake. Lakini wiki mbili hazikupita, Winifrida akaona jambo. Mteja wa gulioni, mtu aliyekula nyama yake miaka yote, alishika kipande mkononi na kusubiri. Alisubiri huku anazungumza habari za mvua. Winifrida akaelewa. Akamega, akatafuna, akameza, ndipo yule akala.

Siku hiyo alifika nyumbani akakaa chini mlangoni na mzigo bado kichwani. Alipokuwa mdogo aliwahi kumwona mke mwenza wa bibi yake akiondoka kilimani na kibuyu na blanketi, asirudi tena, kwa sababu ya maneno ya namna hiyo hiyo yaliyoanza kwa chakula kimoja kilichoachwa. Hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kula kwake. Na Pasikali alikuwa ameshaposa, binti wa watu wa Kibondo, watu wanaosikia.

Mkutano wa kijiji uliitishwa mwezi wa tisa kwa habari za mbegu na mbolea. Mwishoni Havyarimana aliomba kusema. Alisimama na kofia mkononi, akaomba miti ya juu ya maji iachwe, akaomba nyama ya kubanika iwe mara mbili kwa mwaka, na mbuzi wapunguzwe au wafungwe.

"Mkimbizi amekuja kutupunguzia kitoweo!" mtu mmoja alisema, watu wakacheka.

"Muulizeni kama hata kunywa maji ameacha!"

Kipriani, balozi wa nyumba kumi, aliinua mkono. "Mwacheni amalize. Huyu ndiye aliyewawekea mwanzi." Wakanyamaza, lakini kunyamaza kwao kulikuwa bado na kicheko ndani.

Ndipo Winifrida akasimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Mimi nina neno moja," alisema. "Asiyekula kwangu asinipangie kuni."

Kicheko kikafa pale pale. Havyarimana alimgeukia.

"Mubanyi, sikurudisha kwa sababu ya mkono wako. Mungu anajua. Mkono wako nimeula miaka miwili."

"Basi kula tena."

"Nimeweka nadhiri, mama."

"Basi."

Walitazamana. Na katika kutazamana huko Winifrida alijua. Aliyaona macho yake, macho ya mtu aliyempalilia maharage, na akajua kabisa kwamba hakuna shaka yoyote ndani yake, kwamba ni miti kweli, kwamba ni maji. Alijua kama unavyojua kwamba mvua imeanza. Lakini watu walikuwa wanamtazama yeye, si macho ya Havyarimana, na jina lake lilikuwa limeshatoka nje. Alikaa chini akafunga kanga yake vizuri, na lile alilolijua akalikalia.

Harusi ya Pasikali ilikuwa mwaka wa sabini na saba, wiki moja baada ya Saba Saba. Winifrida aliamua kwamba itakuwa harusi ambayo hakuna mtu atasimama na kipande mkononi akizungumza habari za mvua. Madume mawili ya ng'ombe na mbuzi wanane. Alijenga uchanja wa pili, kisha wa tatu. Na kwa nyama nyingi hivyo, ile mizambarau iliyobaki mbali haikutosha. Ilibaki minne mikubwa, ile ya zamani, iliyosimama juu ya mwamba wenyewe, mizizi yake imeukumbatia kama vidole.

"Hii nayo, mama?" aliuliza Pasikali, shoka begani. "Hii si ndiyo inayofunika maji?"

"Ndiyo yenye moshi mzuri," alisema Winifrida. "Kateni."

Havyarimana alitoka nyumbani kwake aliposikia shoka. Alipanda mpaka chemchemi akasimama. Vijana wakaacha kukata, wakidhani atagomba. Hakugomba. Aliinama, akautoa ule mwanzi wake taratibu kwenye mwamba, akaubeba pembeni ili mti usiuponde. Miti ilipokwisha kuanguka yote minne, akaondoa matawi, akaurudisha mwanzi mahali pake, akajaribu kama maji yanapita. Kisha akarudi kulima.

Winifrida aliyaona yote hayo akiwa juu ya njia. Angeweza kushuka. Si mbali.

Siku ya harusi, Immakulata alileta mchango wao, kikapu cha maharage mekundu yaliyochambuliwa moja moja, hakuna jiwe, hakuna lililotobolewa na mdudu. Kikapu kilikuwa cha kusuka mwenyewe, chenye mstari mweusi mdomoni. Winifrida alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka ndani.

Wakwe wa Kibondo walikuwa wamekaa mbele. Omary naye alikuwapo na jamaa zake, wamewekewa mbuzi wao waliowachinja wenyewe. Pombe ya ndizi ilikuwa imepangwa, mirija tayari. Nyama ilitoka jikoni nyekundu, inang'aa, na harufu yake ikawafanya watoto waache kukimbia. Winifrida alichukua sinia ya kwanza. Hakuipeleka kwa wakwe. Aliivusha uwanja wote mpaka walikokaa Havyarimana na mkewe, nyuma kabisa, karibu na ua.

Watu wakageuza shingo, mstari hadi mstari.

Alichagua kipande, akamega, akatafuna mbele ya wote, akameza. Kisha akakinyoosha kile kilichobaki.

"Jirani," alisema, na sauti yake ilifika kwa wakwe. "Karibu."

Havyarimana alikitazama kile kipande. Bila shaka aliuona mti. Aliutazama uso wa Winifrida, na kwa mara nyingine alikuwa na macho yale yale. Akaangalia mbele walikokaa wakwe, akaangalia watu wakisubiri, na Winifrida aliona jinsi alivyoelewa kila kitu: mteja wa gulioni, maneno ya Maximilla, mwanamke mzee mwenye kibuyu na blanketi, ingawa hadithi hiyo hakuwahi kumsimulia.

Akapokea. Akala chote, polepole, akatafuna hata mshipa. Akajifuta midomo na kusimama.

"Watu wa Mungu," alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata mkutanoni, "nimekula kwa Mama Pasikali. Mkono ni safi, na nyama ni tamu kuliko zote nilizokula tangu nizaliwe. Nani mwingine ana njaa?"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Omary alipiga makofi akisema, "Kumbe kasisi ana meno!" Masinia yakapita. Mama wa bibi harusi alikula, akaomba tena. Maximilla alikula akalia machozi ya furaha, na alistahili kulia.

Winifrida alikuwa amepata alichokitaka. Alisimama katikati ya furaha ile akasikia jina lake likitajwa pande zote. Alipogeuka kumtazama Havyarimana, alimwona amekaa, mikono kati ya magoti. Immakulata alikuwa anatazama chini.

"Mubanyi," alimwambia kwa upole, "naomba maji."

Akamletea. Yalikuwa ya chemchemi, baridi bado.

Maji hayakukauka siku hiyo wala mwezi huo. Ingekuwa hivyo, pengine mtu angepata la kusema. Yalikwenda kama mtu mzima anavyodhoofika. Mwezi wa tisa mtungi ulichukua muda mrefu kujaa, wanawake wakaanza kukaa chini wakisubiri. Mvua zikaja, mwamba ukachangamka, watu wakasahau. Kiangazi cha mwaka uliofuata udongo wa juu, usio na kivuli, ulipasuka. Mwezi wa nane mwanzi ukawa unadondosha tone, kisha tone. Halafu asubuhi moja Winifrida alifika na mtungi wake akakuta nyigu wamekaa kwenye mdomo wa mwanzi, wakitafuta unyevu.

Tangu hapo wanawake walitembea saa nzima kwenda mto wa chini, na saa nzima na zaidi kupanda. Wajawazito pia.

Hakuna aliyemlaumu. Walisema mvua ni chache, walisema dunia imebadilika. Maximilla alisema ni mwaka mbaya tu, utapita. Winifrida angependa mtu mmoja, hata mlevi wa kilabuni, amtazame usoni na kumwambia. Havyarimana alichimba pale kwenye mwamba siku nne mfululizo, akapata tope. Alimwona Winifrida akipita na mtungi, akasema, "Pole na safari, mubanyi. Nipe nikusogezee mpaka juu." Akaubeba.

Omary alipokuja Alhamisi na mbuzi wake, Winifrida alikuwa ameshavunja chanja mbili na anavunja wa tatu.

"Sibaniki tena, mwanangu."

"Nimekuudhi, mama?"

"Hujaniudhi. Nimeshiba."

Omary akakusanya kamba za mbuzi wake. Akamwachia kilo ya sukari, bure, akaenda zake. Walisema alipata mbanikaji mwingine upande wa Mabamba.

Kikapu cha Immakulata kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari ndani ya nyumba. Kikapu hakirudi kitupu, hilo hata mtoto anajua. Lakini kirudi na nini? Kila kitu alichofikiria kuweka ndani yake kilikuwa kidogo mno. Alijua ni neno ndilo linalotakiwa kwenda na kikapu kile. Alijua na neno lenyewe. Si kwamba alikata miti, hilo kila mtu aliliona. Neno lilikuwa: nilijua. Nilijua hukunishuku, nilijua tangu mkutanoni, na bado nilikata, na bado nikakulisha.

Mara mbili alikwenda. Mara ya kwanza alifika kwenye magimbi akageuka. Mara ya pili Havyarimana alimwona, akasema, "Karibu, mama, karibu ndani," na Winifrida, akiwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, aliomba moto. Immakulata akampa kaa la moto kwenye kigae. Alirudi nalo nyumbani, ambako moto wake ulikuwa unawaka.

Mwishoni mwa mwaka ule ilikuja taarifa kwamba wakimbizi waliotawanyika vijijini watapelekwa kwenye makazi mapya, kusini, Mpanda. Kipriani alipita nyumba kwa nyumba akisoma majina. Havyarimana alikuwa na siku tano. Winifrida akajiambia, kesho. Siku ya tatu akajiambia, kesho. Siku ya tano alikuwa mto wa chini kuchota maji aliposikia mlio wa lori barabarani.

Aliacha mtungi kando ya mto. Alipanda kilima kile kwa kukimbia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kanga mkononi. Alifika nyumbani, akatoa kikapu kwenye msumari, akatia maharage aliyokuwa nayo, mekundu, yaliyotokana na mbegu walizompa wao. Hakuwa na muda wa kuyachambua.

Lori lilikuwa limejaa watu, mikeka, kuku kwenye vitenga. Havyarimana alikuwa amesimama nyuma, ameshika ubao. Immakulata alikuwa amekaa na jembe mapajani, lile lile, sasa lina mpini.

"Mubanyi!"

Winifrida alikifikisha kikapu mpaka kwenye ubao, anahema. Kabla hajakiinua, alichukua punje moja ya maharage, mbichi, ngumu, akaitia mdomoni na kuitafuna mpaka ikavunjika. Aliimeza.

Havyarimana alicheka, kicheko kizuri ambacho hakuwa amekisikia tangu ile asubuhi ya jikoni. "Ah, mama! Kwangu huna haja." Naye akachukua punje moja, akaitafuna. Immakulata akapokea kikapu, akapitisha kidole kwenye ule mstari mweusi wa mdomoni.

"Havyarimana," Winifrida alisema. "Mimi ile siku ya mkutano—"

Dereva akawasha gari. Moshi ukatoka, kuku wakapiga kelele. Havyarimana akaweka mkono sikioni.

"Unasemaje, mama?"

Nafasi ilikuwa bado ipo. Angeweza kupiga kelele. Lakini neno lile halikuwa la kupigiwa kelele mbele ya watu, na kwa kuogopa watu ndipo yote yalipoanzia, na hata sasa aliwaogopa.

"Nasema safari njema!"

"Asante! Mubanyi, vile visiki vinachipua. Mbuzi wasivifikie!"

Lori likaondoka kuelekea Kasulu. Vumbi jekundu likasimama hewani muda mrefu, kisha likakaa juu ya majani ya pembeni, na juu yake.

Siku hizi ukipita Kagezi asubuhi utamkuta Winifrida amekaa juu ya mwamba na kijiti, karibu na visiki vinne. Vichipukizi vinamfika magotini. Mbuzi wakija, anawaswaga. Wenye mbuzi wamechoka kugombana naye, na baadhi wamewapunguza. Krismasi watu walikuja kumwomba abanike, wakasema bila mkono wake si sikukuu. Aliwaambia mbuzi mmoja kwa mtaa mzima, tena wa kuchemsha, na yeye mwenyewe hakuonja. Wengine walinung'unika, wakala.

Mwanzi bado upo. Kila siku anaupangusa majani na utando wa buibui, anauegesha sawa kwenye mwamba. Kisha anaweka kiganja juu ya jiwe, pale yalipotokea maji, na anakiacha hapo kidogo. Jiwe ni kavu. Hakuna mtu karibu, na hapo ndipo anapolisema lile neno, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua.

"Nilijua, mubanyi wangu."

Kisha anachukua mtungi wake na kuanza safari ya mto wa chini.